Madebe Matatu ya Mpunga wa Mbegu

Hrangkimi alizaliwa mwaka 1968 ndani ya kambi, muda mfupi baada ya jeshi kuviteketeza vijiji vya mlimani na kuwahamishia wakazi wake kando ya barabara kuu. Hakulia alipotoka tumboni. Mkunga alimpiga makofi mawili ndipo akatoa sauti, na hata hiyo, kwa maelezo ya mama yake, ilikuwa sauti ya mtu anayeomba radhi kwa usumbufu. Kisa hicho kilisimuliwa mbele yake utoto wote, kila mara kama sifa.

Alipotimiza miaka ishirini aliolewa Zawlbung, kijiji cha nyumba arobaini na moja zilizoketi juu ya mgongo wa mlima, kusini kabisa, mahali ambapo magari yalianza kufika miaka michache tu iliyotangulia. Mumewe, Thanzauva, alikuwa mkimya kama yeye. Walipata mtoto mmoja, Zuala, aliyekufa kwa homa akiwa na miaka sita, katika masika ambayo njia ilifungwa kwa majuma matano. Watu waliendelea kumwita Mama Zuala, naye aliendelea kuitika. Februari ya mwaka 2004 Thanzauva alikwenda kufyeka msitu kwa ajili ya shamba jipya. Akaukata mti nusu ili mti wa juu yake mteremkoni ukianguka uuangushe, nao ukageuka ukamwangukia yeye. Wenzake walimbeba hadi nyumbani. Tangu siku hiyo nyumba ilibaki na wanawake wawili: Hrangkimi na mama mkwe wake Darthangi, ambaye macho yake yalikwisha kufunikwa na ukungu lakini ulimi wake ulikuwa bado una makali.

Mjane hakunyimwa ardhi Zawlbung. Kila mwaka mashamba ya mlimani yalipogawanywa kwa kura, wazee walimwachia kipande kisicho mbali sana, shamba la madebe matatu, yaani shamba linalokunywa mpunga wa mbegu uliojaa madebe matatu ya mafuta ya taa. Alifyeka mwenyewe, akachoma mwenyewe. Kupanda na kupalilia alifanya pamoja na wanawake wengine wanane wa kikundi cha ujima, leo kwa huyu, kesho kwa yule, mpaka zamu izunguke. Hakuwahi kumwomba mtu chochote nje ya zamu yake. Alijivunia jambo hilo zaidi ya alivyojua.

Kisha mianzi ikatoa maua. Waliokuwa na umri wa kukumbuka walijua kitakachofuata: panya walikula mbegu za mianzi wakazaana, na mbegu zilipokwisha wakateremka mashambani. Mwaka 2007 shamba lililolala likiwa na masuke liliamka mabua matupu. Hrangkimi alikuwa amesikia habari za kijiji cha ng'ambo ya bonde, akaenda shambani peke yake siku tatu kabla panya hawajafika, akakata masuke ya ukingoni ambayo hayajakauka vizuri. Aliyabeba mgongoni safari nne kwa siku. Yalipopurwa na kuanikwa yalijaa madebe matatu. Aliyafunika kwa vifuniko vya bati, akaviziba kwa udongo, akayaning'iniza kwa waya juu ya meko ili moshi uyalinde.

Serikali ilileta mchele wa msaada. Ulikuwa mchele mweupe, uliokobolewa kiwandani, na watu wa Zawlbung waliuita mchele usio na macho, kwa kuwa hata ukiuzika ardhini mwaka mzima hautachipua. Wanawake wale wawili waliula mchele huo ulipopatikana, na usipopatikana walichimba viazi mwitu. Madebe hayakuguswa. Kila asubuhi Darthangi aliinua fimbo yake akayagonga moja baada ya jingine, akasikiliza mlio wake mzito, akasema, "Yapo," kisha akaweka mdomoni funda lake la maji ya moshi wa tumbaku, kama vikongwe wa kule wafanyavyo, na siku ikaanza.

Mwezi Februari wa mwaka 2008 ilisomwa barua kanisani. Vijana wa usharika mmoja wa Aizawl, mji mkuu wa jimbo, walikuwa na desturi ya kuchagua kila mwaka familia moja maskini ya vijiji vya mbali na kuijengea nyumba kwa mikono yao, na safari hii walikuwa wamempata mjane wa Zawlbung. Mzee wa kanisa, Vungliana, ndiye aliyekuwa amepeleka jina. Alilisoma kwa fahari, kwa sababu kijiji kilichotembelewa na watu wa mji mkuu kilikuwa kijiji kilichokumbukwa. Hrangkimi aliinamisha kichwa. Nguzo za nyumba yake zilikuwa zimelemea upande wa bonde, hilo kila mtu aliliona. Lakini hakuwa amelisema, na sasa lilikuwa limesemwa kwa ajili yake mbele ya watu wote.

Walikuja katikati ya Aprili, watu kumi na wanne juu ya lori moja, wameketi juu ya mbao na mabati, wakiimba kwa sauti nne kama walivyofundishwa tangu utotoni. Kiongozi wao aliitwa Rodinga, karani wa miaka thelathini na sita, mtu makini aliyeandika idadi ya misumari katika daftari na kuihesabu upya kila jioni. Walieleza kwamba gari la pili lilikuwa nyuma likiwa na mchele, viazi, vitunguu, mafuta na nguruwe wawili hai. Dereva wake alichelewa kwa sababu ya gurudumu. Jioni hiyohiyo ilinyesha mvua ya mawe. Usiku mlima ulishuka juu ya barabara karibu na mto, umbali wa mwendo wa siku nzima kwa miguu, na gari la pili likabaki ng'ambo. Simu zao za mkononi hazikushika mtandao Zawlbung. Kwa muda wa siku kadhaa hakuna aliyejua gari liko wapi.

Vungliana aliwalaza wageni kanisani, akagawa zamu za kuwalisha katika nyumba za kijiji, na kwa siku tatu kijiji kiliwalisha. Kila nyumba ilipika ilichokuwa nacho, ikaficha ilichokosa. Kazi iliendelea haraka: nyumba ya zamani ilibomolewa na kibanda cha kupikia tu kikaachwa, nguzo mpya zikasimama, na watoto wa kijiji wakazoea kuwaita wageni kwa majina. Siku ya tatu alasiri Vungliana alikuja kibandani, akaketi kando ya meko, akapokea popoo na tambuu, akazungumza juu ya mvua. Akazungumza juu ya afya ya mkewe. Alieleza kwamba mchele wa serikali nao ulikuwa ng'ambo ya maporomoko yaleyale, na kwamba nyumba kadhaa zilikuwa zimefikia sakafu ya debe. Kisha akasema gari bila shaka litafika kesho, akaaga.

Hakuwa ameomba kitu. Asingeweza kuomba, na Hrangkimi alijua kwamba asingeweza. Mwenye kujengewa nyumba ndiye huwalisha wajenzi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu zamani, na wale walioshika nafasi yake kwa siku tatu walikuwa wamemfanyia ihsani.

Alfajiri ya siku ya nne alipanda kigoda akafungua waya wa debe la kwanza.

"Unashusha nini?" aliuliza Darthangi kutoka kitandani.

"Napangusa masizi, mama."

"Masizi hayana uzito. Nimeusikia waya ulivyolia."

Hrangkimi aliliweka debe chini. Alisema ni debe moja tu, na gari litafika kesho.

"Kesho ya nani? Barabara ile naijua tangu ilipokuwa njia ya nguruwe."

"Wamelala juu ya mabenchi ya kanisa kwa ajili yetu, mama. Niwaambie nini? Kwamba sina?"

"Waambie una mbegu. Ni watu wazima, watajua maana yake."

"Ni watu wa mjini."

"Basi waambie polepole," alisema Darthangi, akajigeuza ukutani.

Mlio wa mchi ulimleta mmoja wa wageni, msichana wa chuo aliyeitwa Muani, ambaye alikuwa amepangiwa kusaidia jikoni. Hakuwahi kutwanga mpunga maishani mwake. Aliomba ajaribu, akaupiga mchi kwenye ukingo wa kinu, akacheka, akajaribu tena hadi alipoupata mdundo, na baada ya muda alikuwa akitwanga vizuri kabisa, mikono ya fulana ikiwa imekunjwa. Hrangkimi alipepeta alichotwanga. Muani alisema mchele huu unanukia moshi, mtamu kuliko ule wa dukani, akauliza kama ni mavuno mapya.

"Ni wa mwaka jana," Hrangkimi alijibu.

Muani alimpa kamera mwenzake ili ampige picha akiwa ameushika mchi.

Watu kumi na wanne wanaobeba mbao na kupiga nyundo hula vizuri, asubuhi na jioni. Debe la kwanza halikutosha hadi mwisho wa siku ya tano. Gari halikufika. Hrangkimi alilishusha debe la pili bila kumdanganya mama mkwe wake tena, wala Darthangi hakuuliza. Aliinua tu fimbo, akagonga mahali pa debe la kwanza, fimbo ikapita hewani.

Asubuhi ya debe la pili Rodinga alikuja kibandani na daftari lake kwapani. Alikuwa mtu mwenye heshima. "Mama Zuala, naona tunakulemea," alisema.

"Mnanilemea na nini? Kuleni."

Alishukuru, akarudi kazini. Darthangi, aliyekuwa amelelewa katika kizazi kingine, alimwambia mkwe wake baadaye kwamba zamani mgeni alimuuliza mwenye nyumba mara tatu, kwa kuwa jibu la kwanza lilikuwa la adabu, la pili la adabu, na la tatu ndilo la kweli. Na mgeni aliyeuliza mara moja alihesabiwa kuwa hakuuliza. Hrangkimi alijibu kwamba kijana yule alikuwa na nyundo inayomsubiri.

Jioni ile waliketi kula sakafuni, katika nyumba mpya isiyo na kuta bado. Darthangi aliletwa akaketishwa katikati kwa heshima. Kijana mmoja mcheshi alimwambia kwamba wakimaliza nyumba watamtafutia mume.

"Mume? Mkinimalizia chakula hivi nitamlisha nini?"

Walicheka sana. Yeye hakucheka. Alipapasa ukingo wa sahani yake, akachukua punje kadhaa za wali kati ya vidole, akazisugua kama mtu anayepima kitambaa. "Wanangu," alisema, "mnajua hiki mnachokula ni nini?"

Sauti yake ilikuwa imebadilika, na mmoja au wawili waliinua nyuso. Hrangkimi alikuwa karibu na chungu. Aliinuka, akamwekea mama mkwe wake upawa mzima wa wali juu ya ule uliokuwapo, akaukandamiza. "Mama bado anaota njaa ya panya," aliwaambia wageni. "Kila chakula anakionea huruma. Kuleni, msimjali."

Wageni walicheka tena, safari hii kwa upole, kama watu wanavyowacheka wazee wanaowapenda. Muani alimshika Darthangi mkono. Kuanzia kesho yake bibi kizee alikataa kutoka kibandani, akasema magoti yanamuuma. Hrangkimi, katika miaka iliyofuata, alilisimulia jambo hili kwa utaratibu uleule kila alipolisimulia: kwanza upawa, kisha maneno, kisha kicheko. Hakupunguza kitu wala kujitetea.

Debe la tatu lilishuka siku ya sita na kwisha siku ya saba. Siku ya nane wanaume wa kijiji waliokuwa wamekwenda kufukua barabara walirudi wakiwa wamepanda gari la pili.

Ilichinjwa nguruwe mmoja siku hiyo na wa pili kesho yake, nyumba ilipokamilika. Mabati yalimeta hadi yakaonekana ng'ambo ya bonde. Ilifanyika ibada, Vungliana aliomba dua ndefu, Hrangkimi alikabidhiwa ufunguo na kuambiwa aunyanyue na atabasamu, akaunyanyua na kutabasamu. Kisha Rodinga aliagiza magunia mawili ya mchele yashushwe mlangoni, kilo hamsini kila moja, pamoja na mafuta na dengu. Alisema mbele ya watu kwamba Mama Zuala amewalisha siku nne bila kunung'unika, nao wanarudisha mara nne ya walichokula. Watu walipiga makofi. Rodinga alikuwa amepiga hesabu, na hesabu yake ilikuwa sahihi. Mchele ulikuwa mweupe, safi, wa kiwandani.

Wanawake kadhaa wa kijiji walimtazama Hrangkimi wakati ule. Aliwakwepa macho.

Magari yaliondoka asubuhi, wimbo ukisikika hadi kona ya tatu. Kabla ya saa sita mchana Hrangkimi alikuwa amefungua gunia moja na kuligawa bakuli kwa bakuli katika nyumba zilizowalisha wajenzi wake siku tatu za mwanzo. Hakuna aliyemdai. Hakuna pia aliyekataa.

Mvua za kupandia zilianza wiki ya kwanza ya Mei. Kikundi cha ujima kiliongozwa na jirani yake, Mama Puia, mwanamke mnene, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kuchukia, na zamu ya shamba la Hrangkimi ilikuwa Alhamisi. Angeweza kwenda kwa Mama Puia Jumatatu na kusema. Kila nyumba ilikuwa na mbegu ya shamba lake tu, mwaka ule hasa, na kusema kungekuwa na maana ya kuomba kila mmoja apunguze chake. Na zaidi ya hapo, ingejulikana Aizawl kwamba kijiji kiliwaalika wageni wakala mbegu ya mjane. Vungliana asingeweza kuinua uso tena. Haya yote aliyapima. Siku ya Jumatano alikwenda shambani peke yake na jembe dogo la mkono. Ukingoni alipanda mahindi na maboga aliyokuwa nayo. Kisha akaanzia chini, upande unaoonekana kutoka njiani, akachimba vishimo vya mpunga kwa mistari, kama ipasavyo, akavifunika kimoja kimoja kwa wayo wa mguu. Hakuwa ametia kitu ndani. Alichimba hadi jua lilipofika kwenye mgongo wa mlima.

Kesho yake wanawake wanane walisimama mlangoni na majembe yao.

"Nimekwisha kupanda," aliwaambia.

Mama Puia alimtazama kwanza usoni, kisha mikononi. "Shamba la madebe matatu? Peke yako?"

"Nilipata nafasi."

"Nafasi. Sisi tumekukosea nini, Mama Zuala?"

"Hamjanikosea kitu."

"Mwenye nyumba ya bati siku hizi hataki jasho letu," alisema mwanamke mmoja nyuma, na wengine wakaondoka kimya, jambo lililokuwa baya zaidi. Hata hivyo Hrangkimi alikwenda katika mashamba yao yote manane, siku nane mfululizo, akapanda mbegu zao.

Katikati ya Juni mlima wote ulikuwa kijani isipokuwa kipande kimoja, chenye ukanda wa mahindi na katikati weusi wa majivu ulioanza kuota magugu. Watu walisema ni ndege. Wengine walisema mbegu ilipata unyevu. Mama Puia hakusema kitu. Alipanda hadi shambani, akapiga magoti, akafukua kishimo kimoja kwa kidole. Akafukua cha pili. Alikwenda hivyo mstari mzima. Aliporudi hakupitia kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa Hrangkimi, kucha zikiwa bado na udongo.

"Nimefukua vishimo vyako," alisema.

Hrangkimi aliendelea kumenya boga changa.

"Uliwapa wale wageni. Ile ya juu ya meko."

"Mzee Vungliana asijue."

"Asijue? Mwanamke wewe, hata mimi nisijue habari ya mbegu? Ningekupa robo debe. Kila mmoja angekupa robo debe."

"Ndiyo," alisema Hrangkimi. "Mngenipa."

Mama Puia alianza kulia kwa hasira. Wakati wa kupanda ulikuwa umepita kwa mwezi mzima. Hata mbegu ingepatikana isingewahi. Tangu siku hiyo alileta bakuli la mchele kila alipoweza, akiliacha kizingitini bila kubisha, maana naye alikuwa na watoto watano.

Gunia la pili lilikwisha mwanzoni mwa Julai. Mchele wa serikali ulikuja mara moja, kisha barabara ikafungwa tena. Hrangkimi alikwenda kuvunja kokoto kwa mkandarasi aliyekuwa akitengeneza barabara ileile, mwendo wa saa mbili kila asubuhi, nyundo moja na rundo la mawe, ujira ukilipwa mkandarasi anapokumbuka. Aliacha chakula cha Darthangi ndani ya sufuria iliyofunikwa. Alirudi alasiri akakuta sufuria ilivyokuwa.

Mwanzoni Darthangi alisema meno yanamuuma. Kisha akasema joto linamkatisha hamu. Mwezi Agosti, mifupa ya mabega yake ilipoanza kuinua kitambaa, Hrangkimi aliketi mbele yake na sufuria mapajani.

"Mama, umekula?"

"Nimekula."

"Sufuria imejaa. Umekula?"

"Nimekula, nimeshiba." Bibi kizee alikuwa akitazama upande wa dirisha, asikoona kitu. "Umeuliza mara mbili. Uliza tena nikuambie kweli."

"Umekula, mama?"

"Sikula. Wala sitakula. Kula wewe unayevunja mawe."

"Utakufa."

"Nina miaka themanini na moja. Ukifa wewe, mimi nitadumu siku ngapi? Piga hesabu, si umewahi kumwona karani akipiga?" Halafu, kwa sauti ya chini, aliongeza neno ambalo Hrangkimi hakuwahi kuliondoa masikioni: "Ule upawa uliponiwekea, mwanangu, nilikuelewa. Nami ningefanya vilevile. Hilo ndilo linalonitia hasira."

Hrangkimi alimlisha kwa nguvu siku mbili tatu, kijiko kwa kijiko. Darthangi alikiweka chakula shavuni na kukitema akiwa peke yake. Alifariki tarehe kumi na moja Septemba, adhuhuri, Hrangkimi akiwa kwenye kokoto. Mvua ilikuwa ikipiga mabati kwa kishindo, na mtoto wa jirani aliyekuwa ameketi naye hakusikia lolote. Vijana walichimba kaburi. Katika mazishi Vungliana, kwa nia njema kabisa, alimshukuru Mungu aliyemjalia bibi huyu kufumba macho chini ya paa jipya. Mama Puia aliinuka katikati ya sala akatoka nje.

Rodinga alirudi mwezi Novemba, wakati wa mavuno. Alileta kibao cha bati chenye jina la usharika, cha kupigiliwa juu ya mlango, na pakiti ya biskuti laini kwa ajili ya Bibi. Alipoelezwa alivua kofia, akauliza alikufa kwa nini. Hrangkimi alisema uzee. Alimpikia chai isiyo na sukari. Rodinga aliuliza mavuno yalikuwaje, akaambiwa mahindi kidogo, hakuuliza tena. Alitoa daftari, akaeleza kwamba wanatayarisha jarida la usharika na wangependa neno moja la shukrani kutoka kwa mwenye nyumba, chochote, hata sentensi moja.

Hrangkimi aliinamisha uso, na Rodinga akadhani ni haya.

"Andika hivi," alisema. "Mtakapokwenda kwa mwingine, gari la chakula litangulie. Mabati yafuate."

Rodinga alisema hajaelewa. Ndipo Hrangkimi alipomweleza, kwa maneno machache kiasi kwamba chai haikupoa: madebe yalikuwa mangapi, yalipatikanaje, yalishuka siku gani, vishimo, sufuria. Hakupandisha sauti. Hakuwa amewahi kumwambia mtu mambo hayo kwa mpangilio, na alijishangaa jinsi yalivyokuwa mafupi.

Rodinga alikuwa amesahau kalamu mkononi. "Mbona hukusema, Mama Zuala?"

"Ningesemaje? Mlikuwa mnakula."

Aliondoka bila kukipigilia kibao. Alikiegemeza ukutani, uso wake ukielekea ndani. Aliahidi kwamba maneno yale atayafikisha kwenye kamati kama yalivyo, na kwa kadiri inavyojulikana alifanya hivyo, kwa barua ya kurasa mbili. Jarida lilipotoka Januari lilikuwa na picha ya Hrangkimi akinyanyua ufunguo, na picha ya Muani na mchi. Barua haikuchapishwa. Kabla ya Machi Rodinga alikuwa amehamishiwa ofisi ya wilaya nyingine, na vijana wakamchagua kiongozi mpya.

Mwaka 2009 Hrangkimi alipanda madebe mawili aliyochangiwa na wanawake wa kikundi, robo robo, baada ya kuwaomba yeye mwenyewe, akisimama mlango kwa mlango. Siku zisizo za shamba aliendelea na kokoto. Mwezi Aprili, siku ambayo mawingu yalikuwa yamekaa chini upande wa mto, lori lililojaa vijana wanaoimba kwa sauti nne lilipita mbele ya rundo lake la mawe, likielekea kijiji cha mbele zaidi. Walimpungia mikono, naye akapunga. Waliketi juu ya mabati, yaliyofunikwa kwa turubai la buluu. Asubuhi ile hakuna gari jingine lililokuwa limetangulia.

Aliiweka nyundo chini, akasimama kando ya barabara akitazama kule walikotoka. Nyapara alimwita mara mbili. Vumbi lilitulia, matone ya kwanza yakaanza kuanguka, na wanawake wengine wakakimbilia chini ya mwamba. Gari la pili halikupita siku ile.